Dude la Mto Migori na Ndugu Zake

Wasikilizaji, nasema nanyi nyote, kuanzia Isebania mpakani hadi Kendu Bay, na ninyi mlio ziwani usiku huu mkisubiri omena wajae chini ya taa. Leo nina mnyama wa kuwaeleza. Kichwa chake ni kikubwa kama cha simba jike, ila kina madoa ya chui. Kutoka taya la juu yameshuka meno mawili meupe, marefu, yamenyooka. Mgongo ni mpana kama wa kiboko na umevikwa magamba, nayo magamba yana madoa yale yale ya chui. Mkia umetandazika kama pezi. Ukimpima toka puani hadi mkiani utapata futi 14 au 15. Makao yake? Mto Migori.

Kabla hujanipigia simu kuuliza ni sehemu gani ya mto, pale darajani mjini au kule chini Nyatike ambako maji yetu na ya Gucha yameshaungana kwenda ziwani, ngoja kwanza nikutajie shahidi. Anaitwa John Alfred Jordan, mzungu mwindaji na mchuuzi wa pembe za ndovu aliyezurura nchi hizi miaka ya mwanzo ya ukoloni. Anasema alimwona mnyama huyo mnamo 1907 hivi. Alimsimulia Mmarekani mmoja, Edgar Beecher Bronson, mfugaji wa ng'ombe aliyegeuka mwandishi na aliyekuja Afrika Mashariki kuwinda. Bronson akaitia hadithi hiyo katika kitabu chake In Closed Territory, kilichochapishwa mwaka 1910. Mto wetu ameuandika Maggori, na mnyama amempa jina la dingonek, ambalo Jordan alidai kulipata kwa wenyeji wa msituni, wale ambao wazungu wa siku hizo waliwaita Wandorobo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Watu wake waliotangulia mtoni walirudi mbio wakisema kuna kitu majini. Jordan akanyemelea hadi ukingoni, akamkuta mnyama ametulia katikati ya mkondo mkali, uso ameuelekeza juu mtoni, anapunga mkia polepole ili maji yasimchukue. Walikuwa karibu mno, kiasi cha yadi kumi tu. Jordan akamlenga nyuma ya sikio kwa bunduki ya 303 na kufyatua. Mnyama akaruka juu kutoka majini, wima, na hapo kila mtu akashika njia yake, Jordan akiwa miongoni mwa waliokimbia. Aliporudi baadaye alikuta nyayo kubwa kama za kiboko kwenye matope, lakini zenye kucha. Mzoga haukuonekana.

Hadithi za wawindaji zina tabia hiyo. Swala huletwa nyumbani, dude hukimbia na risasi yake.

Mimi nimemchunguza mnyama huyu kiungo kwa kiungo, kama mtu anayekagua pikipiki ya mitumba, na ninachokiona ni vipuri. Mgongo ni wa kiboko, na viboko wako. Kujishikilia mkondoni huku mkia ukipunga ni kazi ya mamba, na mamba pia wako. Madoa ya chui yanaweza kuwa mwanga wa jua uliochujwa na majani ya miti ya ukingoni. Magamba Jordan aliyafananisha na ya mnyama wa Amerika anayefanana kidogo na kakakuona wetu. Yale meno mawili ndiyo yananishinda, kwa maana yanamfaa zaidi mnyama wa barafu ya kaskazini, yule mnene mwenye masharubu, na barafu pekee tuliyo nayo hapa Migori ni ile ya kuhifadhia mbuta. Labda macho ya Jordan yalikuwa mazima na alichokiona ni mamba mzee mwenye taya lililopinda. Labda palikuwa na chupa kambini. Uamuzi wangu ni kwamba aliona kitu cha kweli kwa muda mfupi sana, kisha akakimalizia kidogo kidogo kila alipokisimulia upya kando ya moto.

Kwa nini basi watu wazima, wenye elimu, walikaa chini wakamsikiliza? Hapo ndipo pana utamu. Mwaka 1901 wataalamu wa London walimpa jina rasmi mnyama wa misitu ya Kongo ambaye hawakuwahi kumwona akiwa hai, okapi, mwenye miguu ya milia na ulimi wa twiga. Kilichowaamsha ni vipande vya ngozi ambavyo watu wa Ituri na Semliki walikuwa wameshavikata kufanya mishipi. Sir Harry Johnston, mkubwa wa serikali huko Uganda, ndiye aliyevipeleka, na mnyama akachukua jina lake. Miaka mitatu baadaye, 1904, afisa wa jeshi Richard Meinertzhagen akatoa ushahidi wa nguruwe mkubwa mweusi wa misitu ya Kenya, naye akapewa heshima hiyo hiyo. Wenyeji walikuwa wamemla nguruwe huyo tangu enzi za mababu. Basi kila mzungu mwenye bunduki na daftari akaanza kutega sikio, maana uvumi wa leo ungeweza kuwa jina lake kesho katika vitabu vya sayansi. Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dingonek hakuja. Siku hizi makazi yake ni vitabu vya michezo ya kubuni huko Marekani, ambako vijana hupigana naye kwa dadu, na kwenye intaneti wanamjua kuliko wanavyomjua Nyatike. Mimi sijakutana na mzee wa hapa aliyemtaja pasipo kuulizwa.

Tuteremke na mto hadi ziwani, kwa sababu huko kuna ndugu yake ambaye angalau ana ukoo. Baganda na Basoga walimwita lukwata. Johnston alisema wenyeji walishikilia kwamba ziwani mna mnyama mkubwa, akabaki kukisia kama ni aina ya nguva, au nyangumi mdogo, au samaki wa ajabu. Halafu kuna C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala wa upande wetu huu wa Kavirondo na mtu wa kuandika kila alichokisikia. Katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, miaka ya mwanzo ya 1910, aliandika kuwa Sir Clement Hill, mkubwa kutoka wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, alikuwa akivuka kwa mashua ya mvuke kutoka Kisumu kwenda Entebbe. Karibu na Mlima Homa kichwa cha mnyama kikatoka majini na kujaribu kumnyakua mwenyeji aliyekaa mbele ya chombo. Hill alisisitiza kwamba hakuwa mamba.

Mlima Homa ndio huu huu unaouona ukiwa Kendu Bay, upande wa Karachuonyo. Na aliyekaa mbele ya chombo, yule aliyekaribia kuliwa, hakuna aliyemuuliza alichokiona. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Ningetoa mengi kumpata dakika kumi mbele ya kinasa sauti hiki.

Lukwata wa simulizi za wenyeji hakuwa wa kupigwa risasi. Bronson mwenyewe aliandika kwamba watu wa ziwa walimtolea mifugo sadaka, na kwamba alipoacha kuonekana, ugonjwa wa malale ukaingia, wengine wakiamini mzungu ndiye aliyemuua. Mnakumbuka, au babu zenu walikumbuka, malale ya mwanzo wa karne ya 20 yalivyofagia pwani za ziwa na visiwa vyake. Kwa watu waliozika ukoo mzima, mnyama aliyetoweka alikuwa maelezo yenye mantiki kuliko nzi. Na nzi, ndorobo, hajaenda mbali, mwulizeni mkazi wa bonde la Lambwe.

Sasa nifike kwa mkubwa wao. Mwaka 1913, Alego, ng'ambo ya ghuba, mtu aitwaye Onyango Dunde alisema kwamba usiku mmoja akiwa nyumbani mwake alitokewa na nyoka kutoka ziwani. Nyoka huyo alikuwa mkubwa hivi kwamba akisimama kwa mkia wake majini, kichwa hugusa mawingu. Akammeza Onyango, akamtapika akiwa mzima, akampa ujumbe. Jina la nyoka ni Mumbo. Ujumbe wake ulikuwa mzito. Wazungu ni maadui na siku zao zinahesabika. Acheni nguo zao, vaeni ngozi. Fugeni nywele, msizikate. Chinjeni mifugo mle, kwa kuwa mingine itatoka ziwani.

Tuangalie kinachofanyika hapo. Dingonek ni mnyama wa mtu anayetaka ngozi ukutani. Mumbo anameza mtu na kumrudisha akiwa na habari. Habari hizo zilivuka ghuba, zikapanda hadi Gusii, na huko zikakita mizizi kuliko Alego zilikotoka. Wakati huo Homa Bay, Migori na Kisii zote zilikuwa wilaya moja, Kavirondo Kusini, na makao yake yalikuwa mji wa Kisii. Septemba 1914, vita vikuu vikiwa vimeanza, Wajerumani wakatokea upande wa Tanganyika na kuingia Kisii. Maafisa wa Kiingereza wakaondoka. Hebu jiweke mahali pa mtu aliyesikia mwaka mmoja tu kabla kwamba wazungu watatoweka, halafu anaamka asubuhi anaona ofisi ya DC haina mtu. Watu wakaingia madukani na maofisini wakabeba walichoweza. Waingereza waliporudi walilipiza kwa ukali, wakachoma nyumba na kutwaa ng'ombe.

Serikali ilimwogopa Mumbo kuliko mamba wote wa ziwa. Viongozi wa dini ya Mumbo walikamatwa na kupelekwa mbali, wengine hadi pwani, na bado iliendelea chini kwa chini hadi ikapigwa marufuku rasmi mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari. Fikirini, nyoka ambaye hakuna aliyepata hata gamba lake anaingia kwenye orodha ya vyama vilivyokatazwa. Watawala waliandika kwamba haya ni ushirikina wa watu wasiojua kitu. Wanahistoria wetu, Bethwell Ogot na William Ochieng', walikuja kuiita dini hiyo kwa jina lake, harakati ya kupinga ukoloni. Mimi niko upande wao, ingawa nawasikitikia waliochinja ng'ombe wao wa mwisho wakingoja ng'ombe wa ziwani.

Mtaniambia nimewasahau wa nchi kavu. Sijawasahau. Pwani kuna nunda mla watu, paka aliyekua akala hadi wana wa sultani, katika hadithi zilizokusanywa na Edward Steere, na hadi miaka ya 1920 hakimu mmoja wa Lindi alikuwa bado anaandika juu ya mnyama wa aina hiyo aliyeua watu usiku. Huku kwetu wapo Wanandi na dubu wao wa simulizi. Na ukienda Thimlich Ohinga, hapa hapa Migori, utaona kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 hivi, nyingine zikizidi urefu wa watu wawili, na milango imewekwa chini na ni finyu hivi kwamba lazima uiname kuingia. UNESCO iliuweka mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2018. Aliyejenga pale alikuwa akijikinga na watu na wanyama kwa pamoja, na kwa mlango ule, anayeingia ameinamisha shingo, hakuona haja ya kutofautisha.

Turudi majini, au karibu nayo, kwa Omieri. Huyu wengi wenu mnamjua, kwa hiyo sitawachosha. Ni chatu, ng'ielo, wa Wasare kule Nyakach. Wenyeji humpokea kama mgeni anayeleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliunguzwa na moto wa vichaka, akachukuliwa kwenda Nairobi kutibiwa kwenye bustani ya nyoka ya Makumbusho, akafia huko. Kilio chake kilifika hadi bungeni. Mwaka 2003 chatu mwingine akajitokeza pale pale Wasare, na mabishano yakaanza upya, wazee wakisema aachwe, wengine wakiuliza watoto watalindwa vipi. Omieri ni chatu kamili, mwenye uti wa mgongo, anayekula mbuzi. Hakuna aliyehitaji kumwongezea meno. Kilichoongezwa ni adabu, kwamba huyu haguswi, huyu hutandikiwa. Kwa maoni yangu huyo ndiye wa ajabu kuliko wote niliowataja, maana ni hatari iliyopewa kiti.

Na wapo wasio na mwili kabisa. Jioni nyingine upepo ukivuma kutoka ziwani kwa sauti kama ya watu wanaonong'ona wakipita, utasikia kwanza nyumba moja, sufuria na mwiko. Kisha jirani anapiga bati la choo. Kisha mtaa mzima, vifuniko, madebe, jembe kwenye jiwe, mbwa wamechanganyikiwa, na sauti zinapokezana kutoka boma hadi boma kama taarifa ya habari. Hao ndio nyawawa, wanapita, wanasindikizwa warudi ziwani. Nimemwona mwalimu wa fizikia, aliyetoka kunieleza vizuri sana mambo ya shinikizo la hewa, akichukua kifuniko chake. Aliniambia kelele haigharimu kitu.

Wale mnaotaka mnyama mwenye ushahidi, ninao. Hapo hapo chini ya Mlima Homa, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walichimbua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, wakatangaza matokeo Februari 2023. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Maana yake ni kwamba kabla hajakuwako mtu kama sisi, kulikuwa na viumbe waliokaa mwambao huu wakimgawana kiboko kwa jiwe lenye makali. Sijui, wasikilizaji wangu, kama walimuua wenyewe au walimkuta amekufa, lakini mtu yeyote aliyewahi kumwona kiboko akifunua kinywa atakubali kwamba siku ile kulikuwa na hadithi ya kusimuliwa.

Na kwa wapenda meno makubwa, mwaka 2019 wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza mla nyama aliyeishi Magharibi mwa Kenya miaka milioni 22 hivi iliyopita, mkubwa kuliko dubu wa barafuni. Mifupa yake ilitoka Meswa Bridge, kaunti ya Kisumu, na ilikuwa imelala kwenye droo ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kwa miongo kadhaa. Wakampa jina la Kiswahili, Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba, lakini jina limekaa. Jordan alitafuta dude mtoni kwa bunduki, na dude la kweli lilikuja kuwekwa sandukuni Museum Hill, likingoja mtu avute droo.

Nimalize kwa orodha moja rasmi ya wanyama hatari, maana serikali nayo ina aina zake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ilipopitishwa, iliwataja wanyama ambao wakiua mtu, familia ilistahili fidia ya shilingi milioni 5. Walikuwamo ndovu, simba, nyati, fisi, nyoka wenye sumu, hata papa wa baharini. Mamba yumo na kiboko yumo. Lukwata hayumo, na chatu hana sumu. Hili si jambo la mzaha tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, Mei ile maji yalipopanda kuliko kipimo chochote kilichokuwa kimeandikwa hadi wakati huo, na kusogea hadi kwenye mashamba na nyumba za watu huku Homa Bay na Migori. Maji yalisogea na kiboko akasogea nayo. Sasa anatembea usiku mahali ambapo zamani palikuwa njia ya kwenda shule.

Kwa hiyo ikitokea boti imepinduliwa alfajiri, na mtu mmoja hakurudi, na walionusurika kila mmoja ana lake, huyu aliona mgongo, huyu aliona mkia, yule anaapa lilikuwa kubwa kuliko yote mawili na macho yake yalikuwa mekundu, familia itakaa chini kabla ya kwenda kwa chifu, polisi na shirika la wanyamapori, KWS, kuandikisha madai. Mzee mmoja atauliza kwa sauti ya chini waandike ni nani. Wataandika kiboko.

Hadi kipindi kijacho, mlio majini mrudi salama.